Chenga Katika Picha: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Simu na Kamera za Ulinzi

Utangulizi

Mwenye duka la jumla amefunga kamera nne za ulinzi. Mchana zinaonyesha vizuri hata namba ya gari lililoegeshwa ng'ambo ya barabara. Usiku mmoja duka linavunjwa. Asubuhi anafungua mashine ya kurekodi na kumwona mtu akiingia, akizunguka kwa dakika saba, kisha akiondoka na mali. Hata hivyo, uso wa mtu huyo ni bonge la weupe, na pembeni yake vidoadoa vinachezacheza kama mchele uliomwagwa kwenye sinia linalotikiswa. Polisi hawapati cha kufanyia kazi. Kamera hizo ziliuzwa kwa maelezo kwamba zina megapikseli nane na kwamba zinaona usiku kama mchana.

Mfano huu ni wa kutunga, lakini hali inayoelezwa si ngeni kwa watumiaji wengi. Iko pia kwa mnunuzi wa simu aliyeona picha nzuri kwenye bango la dukani, akafika nyumbani, akapiga picha ya familia sebuleni jioni na kupata sura zilizojaa vidoa vya rangi.

Vidoadoa hivyo ndivyo watu huviita chenga. Makala haya yanaeleza chenga hutoka wapi, wahandisi huzipunguzaje, na mnunuzi afanye nini kabla ya kutoa fedha zake. Jambo kuu la kushika ni hili: chenga hupunguzwa hasa kwa kukusanya mwanga wa kutosha. Programu inaweza kuzificha chenga, lakini haiwezi kurudisha kitu ambacho kamera haikukinasa.

1. Chenga ni nini?

Ndani ya kila simu au kamera ya kidijitali, nyuma ya lenzi, kuna kipande kidogo kinachoitwa kihisi cha picha. Uso wa kihisi umegawanywa katika mamilioni ya vijisehemu vya kupokea mwanga. Kila kijisehemu huitwa pikseli, na pikseli milioni moja ni megapikseli moja. Mwanga ukiangukia pikseli hugeuzwa kuwa chaji ya umeme. Chaji hiyo hupimwa, hupewa namba, na namba zote zikipangwa pamoja ndipo picha hupatikana.

Chenga ni makosa katika namba hizo. Ukuta mweupe wa rangi moja ungepaswa kutoa namba inayolingana katika kila pikseli. Kwa hali halisi, pikseli moja husoma juu kidogo na jirani yake husoma chini kidogo, bila mpangilio. Tofauti hizo zikiwa ndogo jicho halizioni. Zikiwa kubwa, ukuta huonekana kama umenyunyiziwa mchanga. Wahandisi huiita hali hii kelele, kwa kuwa huifunika picha kama makelele ya sokoni yanavyofunika maneno ya anayezungumza.

2. Chenga hutoka wapi?

Vyanzo vya chenga ni vinne, na kila kimoja kina dawa yake.

(a) Uchache wa mwanga

Mwanga hauji kama maji ya bomba yanayotiririka bila kukatika. Huja kwa chembechembe ziitwazo fotoni. Tuchukue mfano wa vikombe vilivyopangwa uani wakati wa manyunyu. Baada ya sekunde chache kikombe kimoja kitakuwa na matone matatu, kingine matano na kingine kimoja, ingawa mvua ni ileile. Vikiachwa uani saa nzima katika mvua kubwa, vyote vitakuwa na kiasi kinachokaribiana sana.

Pikseli huwa hivyohivyo. Ikipokea wastani wa fotoni 10,000, tofauti za bahati huwa takriban 100, yaani asilimia 1, na jicho halizioni. Ikipokea fotoni 100, tofauti huwa takriban 10, yaani asilimia 10, na chenga huanza kuonekana. Ikipokea fotoni 4, tofauti huwa takriban 2, yaani nusu ya kipimo chote. Tofauti hizi zimo ndani ya mwanga wenyewe. Hata kihisi kisicho na kasoro yoyote kingeonyesha chenga katika giza, na hakuna kampuni inayoweza kuliondoa jambo hili kiwandani.

(b) Usomaji wa chaji

Chaji iliyomo katika pikseli ni ndogo mno. Ili ipimwe, ni lazima ikuzwe kwa saketi za umeme, na saketi hizo zina mtikisiko wake mdogo unaochanganyika na kipimo. Mchana mtikisiko huo humezwa na wingi wa mwanga. Usiku, chaji inapokuwa kidogo, ndipo hujitokeza, hasa katika sehemu nyeusi za picha.

Hapa inafaa kusahihisha dhana moja. Namba ya ISO katika simu au kamera haiongezi mwanga. Kupandisha ISO kutoka 100 hadi 3200 ni kukuza kile kilichokwisha kupokelewa, pamoja na chenga zake, sawa na kuongeza sauti ya redio ambayo stesheni yake haikamatiki vizuri.

(c) Joto

Kihisi kikipata joto, elektroni hujitokeza ndani yake hata pasipo mwanga, nacho huzihesabu kana kwamba zimeletwa na mwanga. Kwa vihisi vya kawaida, kiasi hicho huongezeka maradufu takriban kila joto linapopanda kwa nyuzi 6 hadi 8 za Selsiasi. Ndiyo sababu vihisi vya darubini za wanajimu hupozwa hadi nyuzi nyingi chini ya sifuri.

Katika picha ya simu inayochukua sehemu ndogo ya sekunde, joto lina mchango mdogo. Katika picha za muda mrefu za usiku, na katika kamera ya ulinzi iliyoshinda juani chini ya bati, mchango huo huongezeka.

(d) Kasoro za kudumu

Pikseli hazitengenezwi zikiwa sawa kabisa. Baadhi husoma juu daima na kuonekana kama nukta angavu isiyohama mahali pake, na wakati mwingine safu nzima hujitokeza kama mstari. Tofauti na chenga nyingine, hizi hazibadiliki kutoka picha moja hadi nyingine, hivyo kiwanda au kamera yenyewe inaweza kuzirekodi na kuzifidia. Nukta angavu au mistari ikionekana mahali palepale katika kila picha unayopiga kwa simu mpya, hiyo ni sababu ya kuirudisha dukani.

3. Wahandisi wamefanya nini?

Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs nchini Marekani walibuni kifaa cha CCD, kilichokuja kuwa moyo wa kamera za kwanza za kidijitali. Kazi hiyo iliwapatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Tangu wakati huo, jitihada kubwa imekuwa kupunguza makosa ya kihisi chenyewe.

Mwaka 1974 Marvin White na wenzake wa kampuni ya Westinghouse walieleza mbinu ya kupima mara mbili. Muuza mafuta ya kula hupima kwanza debe tupu, kisha debe lenye mafuta, akatoa uzito wa debe ili abaki na uzito wa mafuta peke yake. Saketi nayo hupima kiwango kabla ya chaji kuingia, hupima tena baada ya kuingia, kisha hutoa. Makosa yaliyomo katika vipimo vyote viwili hufutika. Mbinu hii imo hadi leo katika kamera na simu nyingi.

Mwaka 1980 Nobukazu Teranishi wa kampuni ya NEC nchini Japani alibuni muundo wa pikseli unaoweza kutoa chaji yake yote bila mabaki na usiozalisha chaji nyingi za joto. Katika miaka ya 1990, Eric Fossum na wenzake katika maabara ya JPL ya shirika la anga za juu la Marekani waliendeleza vihisi vya CMOS, ambavyo kila pikseli ina kikuzaji chake. Hivyo ndivyo vilivyomo katika simu za leo. Baadaye vilikuja vihisi vilivyogeuzwa kinyumenyume, ambavyo nyaya zake zimehamishiwa nyuma ili zisizuie mwanga kufikia pikseli.

Matokeo yake ni kwamba kihisi cha leo kinapoteza mwanga kidogo kuliko vihisi vya zamani. Kwa sababu hiyo, tofauti kubwa kati ya kamera mbili za kisasa usiku mara nyingi inatokana na kiasi cha mwanga ambacho kila moja imeweza kukusanya, na namna programu yake inavyoitendea picha baada ya hapo.

4. Kuna kupunguza chenga, na kuna kuzifunika

Picha ikishanaswa, programu ina njia kuu mbili za kushughulikia chenga. Dukani zote mbili huelezwa kwa maneno yaleyale, lakini matokeo yake hayafanani.

Njia ya kwanza ni kupiga picha nyingi mfululizo na kutafuta wastani. Kwa kuwa chenga hubadilika kila mara na kitu kinachopigwa picha hakibadiliki, wastani huzifuta chenga na kukiacha kitu. Picha 4 hupunguza chenga hadi nusu, na picha 16 hadi robo. Hivi ndivyo hali ya usiku katika simu nyingi inavyofanya kazi inapokuomba utulize mkono kwa sekunde mbili au tatu. Huku ni kukusanya mwanga zaidi kwa hakika. Masharti yake ni kwamba kitu kitulie, na simu itulie.

Njia ya pili ni kulainisha. Programu huilinganisha kila pikseli na majirani zake, na ikiona inatofautiana nao huivuta ifanane nao. Chenga hupungua, lakini programu haina uhakika kama doa dogo ni chenga au ni kitu halisi, na katika giza hukosea mara nyingi. Nyuzi za kitenge hupotea, nywele zilizosukwa hugeuka bonge moja jeusi, herufi ndogo za hati huungana, na ngozi ya mtu huwa kama nta. Picha huonekana safi kwenye kioo kidogo cha simu, ilhali taarifa zilizokuwamo zimeondoka.

Siku hizi ipo pia njia ya tatu, ambayo programu za akili mnemba hujaza mahali palipokosekana taarifa kwa kukisia, kutokana na maelfu ya picha nyingine zilizofundishwa nazo. Matokeo hupendeza. Tatizo ni kwamba kope, kovu au namba inayoonekana huenda haikuwapo kabisa. Machi 2024 jaji wa mahakama ya King County, katika jimbo la Washington nchini Marekani, alikataa kupokea katika kesi ya mauaji video ya simu iliyokuwa imeboreshwa kwa programu ya aina hiyo. Kwa picha ya sherehe, kukisia hakudhuru mtu. Kwa picha inayoweza kumpeleka mtu gerezani, au kumwokoa asipelekwe, kukisia ni hatari.

5. Jinsi ya kusoma maelezo ya bidhaa

Megapikseli. Namba hii hueleza kihisi kimegawanywa katika vipande vingapi. Haielezi kinapokea mwanga kiasi gani. Shamba la ekari moja haliongezeki kwa kugawanywa viwanja vingi zaidi. Simu nyingi zinazoandikwa megapikseli 48 huunganisha pikseli nne nne gizani na kutoa picha ya megapikseli 12. Huo si udanganyifu, ni njia halali ya kupunguza chenga, lakini mnunuzi ajue kwamba usiku hatapata zile 48.

Ukubwa wa kihisi. Hiki ndicho kipimo chenye uzito zaidi, na ndicho kinachosomwa vibaya zaidi. Kihisi kinachoitwa cha inchi 1 hakina upande wowote wenye urefu wa inchi moja. Kina takriban milimita 13.2 kwa 8.8, na kutoka kona hadi kona ni kama milimita 16, ilhali inchi moja ni milimita 25.4. Jina hilo limerithiwa kutoka kwenye mirija ya kamera za televisheni za zamani, iliyopimwa kwa kipenyo cha nje cha kioo chake. Vihisi vidogo huandikwa kwa sehemu, mfano 1/2.3 au 1/1.3. Kumbuka kwamba namba ya chini ikiwa ndogo, kihisi ni kikubwa: 1/1.3 ni kikubwa kuliko 1/2.3. Kihisi cha inchi 1 kina eneo la takriban milimita za mraba 116, na cha 1/2.3 kina takriban 28, yaani robo tu.

Tundu la lenzi. Huandikwa kwa herufi f na namba, mfano f/1.8. Namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 1.8 ya lenzi ya f/2.4. Kwa kamera za ulinzi, lenzi ya f/1.0 huangaza kihisi mara 4 ya lenzi ya f/2.0.

Luksi. Kamera za ulinzi huandikwa kiwango cha chini cha mwanga zinachohitaji, mfano luksi 0.01. Kwa kulinganisha, mbalamwezi ya mwezi mpevu hutoa takriban luksi 0.1 hadi 0.3. Watengenezaji hupima kiwango hiki kwa masharti tofauti. Mmoja huacha kihisi kipokee mwanga muda mrefu, mwingine hukuza chaji hadi mwisho. Kwa hiyo namba za watengenezaji wawili hazilinganishwi moja kwa moja, na hazihakikishi kwamba sura ya mtu itatambulika.

6. Jaribio la dakika tano kabla ya kununua simu

Taa za dukani ni kali, na katika mwanga mkali karibu kila simu hupiga picha nzuri. Mnunuzi anashauriwa kufanya yafuatayo:

(i) Omba kupiga picha mahali penye kivuli, mfano chini ya kaunta au ndani ya kabati lililo wazi. Weka hapo boksi lenye maandishi madogo na kitambaa cheusi.

(ii) Piga picha bila flashi, kisha ikuze kwenye kioo. Angalia sehemu nyeusi kama zina vidoa vya rangi nyekundu na kijani. Angalia herufi kama zinasomeka na kitambaa kama nyuzi zake zinaonekana.

(iii) Piga picha ya uso wa mtu kivulini, kwa kamera ya nyuma na ya mbele. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo zaidi kwenye kamera, hivyo chenga na ulainishaji huonekana hapo mapema. Picha ya mfano ya mtu mwenye ngozi nyeupe aliyepigwa studio haikuelezi simu itakavyoitendea sura yako sebuleni.

(iv) Rekodi video fupi ya mkono unaotembea. Mkono ukiacha kivuli nyuma yake, programu inatumia wastani kupita kiasi.

(v) Ukilinganisha simu mbili, zipige mahali pamoja na wakati mmoja. Picha zilizohifadhiwa tayari kwenye simu ya maonyesho zisiwe msingi wa uamuzi wako.

7. Kamera za ulinzi zinahitaji uangalifu zaidi

Picha ya simu ikiharibika unaweza kupiga nyingine. Tukio la wizi halirudiwi ili lirekodiwe vizuri, kwa hiyo zingatia mambo yafuatayo.

Ongeza mwanga kwanza. Balbu ya LED mlangoni, iliyofungwa ili iangaze uso wa anayeingia na isiielekee kamera, mara nyingi husaidia kuliko kubadilisha kamera. Bei yake ni ndogo, na huongeza kile ambacho hakuna programu inayoweza kukiongeza.

Fahamu mipaka ya taa za infraredi. Kamera nyingi huwa na taa ndogo za mwanga usioonekana kwa macho, na zikiwaka picha hugeuka nyeupe na nyeusi. Mtu aliye karibu sana huangazwa kupita kiasi na uso wake kuwa bonge jeupe, huku aliye mbali akibaki gizani kwenye chenga. Utando wa buibui na vumbi mbele ya lenzi hurudisha mwanga huo na kufunika picha yote kwa ukungu. Safisha kamera mara kwa mara.

Muulize fundi juu ya muda wa kupokea mwanga. Kamera ikiwekwa ipokee mwanga kwa moja ya tano ya sekunde, eneo tupu huonekana safi na lenye mwanga. Lakini mtu anayetembea mita 1.5 kwa sekunde husogea sentimita 30 katika muda huo, na uso wake hupakazwa kama rangi iliyofutwa kwa kiganja. Kwa moja ya hamsini ya sekunde husogea sentimita 3 tu. Picha yenye chenga kiasi lakini yenye sura ni bora kuliko picha safi isiyo na mtu anayetambulika.

Usikubali ulainishaji uwekwe hadi mwisho. Katika menyu za kamera nyingi kipengele hiki huandikwa DNR. Kina faida yake. Chenga hubadilika katika kila picha, hivyo kurekodi video yenye chenga huhitaji nafasi kubwa na diski hujaa mapema. Lakini kikiwekwa juu kabisa, mtu anayetembea huacha kivuli nyuma yake na sura yake hufutika. Kiweke katikati, kisha upime.

Fanya jaribio la usiku kabla ya kumaliza malipo. Mwombe mtu unayemfahamu apite mlangoni usiku, taa zikiwa katika hali ya kawaida ya usiku. Kisha mpe rekodi mtu mwingine anayemfahamu na umuulize huyo ni nani. Akimtambua, kamera imefanya kazi uliyoinunulia. Sharti hili liandikwe katika makubaliano yako na fundi tangu mwanzo.

Hifadhi rekodi halisi. Tukio likitokea, nakili faili kama lilivyo kutoka kwenye mashine. Usiipige video ya kioo kwa simu, usiilainishe, usiing'arishe kwa programu, wala usitegemee nakala iliyotumwa kupitia programu za ujumbe, kwa kuwa nyingi huipunguza ubora. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapopima ushahidi wa kielektroniki, iangalie pamoja na mambo mengine kama namna ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa inaaminika. Wataalamu wakihitaji kuisafisha, watafanya hivyo kwenye nakala, na faili halisi litabaki la kulinganishia.

8. Matumizi ya kila siku

Kwa simu uliyo nayo tayari, hatua ndogo zifuatazo hupunguza chenga bila gharama:

• Sogea karibu na dirisha au taa, na mwelekeze unayempiga picha kwenye mwanga.
• Sogea karibu na kitu badala ya kukikuza kwa vidole kwenye kioo, kwa kuwa kukuza hutumia sehemu ndogo tu ya kihisi na hukuza chenga pia.
• Tumia hali ya usiku kwa vitu vilivyotulia, na uiegemeze simu ukutani au mezani.
• Tumia kamera kuu ya nyuma kunapokuwa na giza. Kamera za ziada mara nyingi zina vihisi vidogo zaidi.
• Piga picha za vyeti, mikataba na risiti mchana, au chini ya taa nzuri. Herufi iliyopotea gizani inaweza kuwa tarakimu ya akaunti yako.
• Simu ikiwa ya moto kwa kuchajiwa au kwa jua, iache ipoe kabla ya kupiga picha za usiku.

9. Haki na wajibu wako

Mnunuzi ana haki ya kupewa maelezo ya kweli. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora na uwezo wa bidhaa. Muuzaji anayesema kamera inaonyesha sura usiku kwa umbali fulani ametoa maelezo yanayoweza kupimwa. Mwombe ayaandike.

Kwa upande wako, dai risiti, tunza boksi na maelezo ya bidhaa, na fanya majaribio mapema, wakati muda wa kurudisha au wa waranti haujaisha. Ukigundua tatizo, anza kwa kumwandikia muuzaji ukiambatisha picha zinazoonyesha kasoro, na utaje zilipigwa lini na katika mwanga gani. Asiposhughulikia, wasilisha lalamiko lako kwa Tume ya Ushindani. Kumbuka pia kwamba chenga zinazotokana na giza peke yake si kasoro ya bidhaa. Kasoro ni nukta au mistari isiyohama, au kamera kushindwa kufanya kile ambacho muuzaji aliahidi.

Hitimisho

Mwenye duka tuliyeanza naye hakuhitaji kamera ya bei kubwa zaidi. Alihitaji taa moja mlangoni, kamera iliyorekebishwa kwa ajili ya mtu anayetembea, na jaribio la usiku mmoja kabla ya kumaliza malipo. Megapikseli nane zilikuwapo kweli, kama alivyoambiwa. Kilichokosekana ni mwanga wa kuzijaza, na hakuna aliyemweleza hivyo. Unaponunua simu au kamera, ipime penye giza kabla hujatoa fedha zako.